Tui ndani ya bomba la sindano: kisa cha seftriaksoni na dripu ya ringa

Sista wa zamu ya usiku alinipigia saa 3 na robo. Ni mama mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu, na si mtu wa kupiga simu famasi ovyo. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, "mwanangu, hebu njoo wodini uone hizi dawa zenu mnazotuletea." Hilo neno "zenu" lilitosha kunivalisha viatu.

Juu ya trei kulikuwa na bomba la sindano la mililita 10, limejaa. Ndani yake ni seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, gramu 1. Seftriaksoni iliyoyeyuka vizuri huwa ya manjano hafifu, wakati mwingine inaelekea kwenye kahawia, kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Lakini haifichi kitu: ukiliinua bomba kwenye taa unasoma namba zilizochapwa upande wa pili. Hii haikusomeka. Ilikuwa na weupe wa tui la mwisho, lile linalokamuliwa mara ya tatu, na upande ambao bomba lilikuwa limelalia kulikuwa na mstari mwembamba wa unga. Nikalipindua. Unga ukainuka, ukaelea, ukarudi chini taratibu.

Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa zamu naye alishatoa hukumu: dawa feki. Sista alikuwa anataka boksi zima lirudi stoo na wodi nyingine zipigiwe simu. Nikaangalia kichupa. Tarehe ilikuwa nzuri, lakiri ilikuwa yake, na vichupa vilivyobaki kwenye boksi vilikuwa na unga mkavu usio na donge. Nikauliza swali ambalo kwa kawaida tunalisahau.

"Mama, umeyeyushia nini?"

Akaelekeza kidole juu, kwenye mfuko uliokuwa unaning'inia juu ya kitanda. "Maji ya sindano yameisha tangu jioni. Nimevuta humo humo."

Humo humo ni Ringer laktati, maji ya dripu yenye chumvi chumvi, ambayo wodini hakuna anayeiita jina lote, ni ringa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 31, kibarua wa shamba, aliyeletwa baada ya wiki mbili za homa na siku mbili za tumbo gumu kama ubao. Usiku uliotangulia alipasuliwa. Madaktari walikuta tundu sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, picha ya taifodi iliyochelewa kutibiwa. Wakaosha tumbo, wakaziba tundu, wakaandika seftriaksoni gramu 2 kila baada ya saa 24, metronidazo miligramu 500 kila baada ya saa 8, na ringa ya kutosha kwa sababu presha ilikuwa chini. Dozi ya kwanza alipewa tiata. Hii ilikuwa ya pili. Kanula (kimrija cha dripu kinachokaa mshipani) ya mkono wa kulia ilikuwa imevimba na kutolewa, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinapita kwenye moja ya mkono wa kushoto.

Na hapa ndipo kisa kilipoacha kuwa cha trei. Gramu 2 ni vichupa viwili. Sista aliyeyusha vyote viwili kwa ringa, akavuta bomba mbili. Ya kwanza aliichoma pale pale, ikiwa bado angavu machoni pake. Kabla hajagusa ya pili, mgonjwa wa kitanda cha jirani akang'oa mpira wa tumbo, akatapika, akakimbiliwa. Aliporudi zilikuwa zimepita kama dakika 25 na bomba lilikuwa limegeuka tui. Kwa maneno mengine, nusu ya dozi ilikuwa tayari imo mwilini mwa kijana, imeyeyushwa kwa maji yale yale.

Seftriaksoni tunayoipokea kwenye kichupa ni chumvi ya sodiamu. Gramu 1 ina kama miligramu 83 za sodiamu, na ndizo zinazoifanya iyeyuke kirahisi. Ikikutana na kalsiamu, ambayo ringa inayo, inaachia sodiamu zake mbili na kushika kalsiamu moja, na chumvi hiyo mpya haiyeyuki kirahisi. Aliyefulia nguo kwa maji ya kisima anaijua habari hii hata kama hakusoma kemia: unasugua sabuni, povu linagoma, juu ya beseni unabaki utando mweupe. Sabuni nayo ni chumvi ya sodiamu, na ule utando ni sabuni iliyoshikwa na kalsiamu na wenzake wa kwenye maji magumu. Ndani ya bomba la sista palitokea mambo ya beseni.

Kwa nini la kwanza lilikuwa angavu? Kwa sababu kalsiamu ya ringa ni kidogo, na chembe huchukua muda kushikana hadi zionekane. Lakini angavu ni neno la macho. Mtu mwenye macho mazuri huanza kuona chembe moja moja ikifikia kama maikromita 50. Mishipa midogo kabisa ya mapafu haifiki upana wa maikromita 10. Na dawa iliyochomwa mkononi huingia moyo upande wa kulia na kusukumwa mapafuni kabla haijafika kwingine kokote. Mapafu ndiyo chujio la kwanza.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya oda, na nairudia hapa kwa sababu ilibadilisha nilivyokitazama kisa. Lita 1 ya ringa ina kalsiamu kati ya milimoli 1.35 na 2, kutegemea kiwanda. Mililita 10 basi zina milimoli 0.02 kwa makadirio ya juu. Kalsiamu hiyo yote, hata ikifanikiwa kushika dawa bila kubakiza, haiwezi kukamata zaidi ya miligramu 11 za seftriaksoni. Kichupa kina 1000. Yaani tui lote lile lililotutisha lilikuwa kama asilimia 1 ya dawa. Kijana hakupunjwa dozi. Mashaka yalikuwa kwenye zile chembe na mahali zinapokwenda kukaa.

Tukamtazama. Alikuwa anapumua mara 22 kwa dakika, oksijeni asilimia 96 bila kusaidiwa, mapigo 104 ambayo yalikuwa yameshuka kidogo kuliko jioni, mkojo unakuja kama mililita 45 kwa saa. Hakohoi, hana maumivu ya kifua. Mama yake, aliyekuwa amekaa chini pembeni ya kitanda, aliuliza kama mwanawe amepewa sumu. Nilimwambia hapana, dawa ni nzuri ila ilichanganywa na maji yasiyopatana nayo, na tutakesha tukimwangalia kifua. Alikubali, ingawa nadhani kilichomtuliza zaidi ni kumwona sista anavuta kiti.

Daktari wa zamu, kijana aliyeko mafunzoni, alikuja na jambo zito kuliko la bomba. "Huyu ameingiziwa ringa kutwa nzima," akasema. "Seftriaksoni hatakiwi kupewa mpaka zipite saa 48. Tusimamishe."

Hakubuni. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo hilo hilo: mgonjwa wa umri wowote asipewe seftriaksoni na dripu yenye kalsiamu ndani ya saa 48. Onyo lilitokana na vifo vya watoto wachanga waliokutwa na mashapo kwenye mapafu na figo, na baadhi yao dawa na kalsiamu zilipita mipira tofauti, kwa saa tofauti. Lakini Aprili 2009 FDA wenyewe walilirekebisha. Kwa mtu aliyepita siku 28 tangu kuzaliwa, vitu hivi viwili vinaruhusiwa kupeana zamu kwenye mpira mmoja, ili mradi mpira usuuzwe vizuri katikati kwa maji yanayopatana na vyote viwili. Kilichobaki marufuku ni kuvipitisha kwa pamoja, kimoja kikiingilia pembeni huku kingine kinatiririka. Saa 48 ziliondoka kwenye maandishi, zikabaki vichwani mwa watu. Nimekutana nazo kwenye daftari za wanafunzi waliozaliwa miaka michache tu kabla ya onyo lenyewe.

Na gharama ya kuzitii ingekuwa kubwa. Kijana mwenye usaha tumboni anahitaji antibiotiki usiku huo huo, na anahitaji maji mengi pia. Kumnyima kimoja kwa siku mbili ili kukwepa hatari ambayo mililita 20 za saline (maji ya chumvi ya kawaida) zinaiondoa, kwangu mimi ni kuogopa nyoka wa kwenye picha. Tulibishana kama dakika 5, kwa heshima, kisha daktari akaandika. Ringa ilifungwa. Kanula ikasuuzwa kwa saline. Nikaleta maji ya sindano, sista akayeyusha kichupa kipya kwa mililita 10, akaliinua bomba kwenye taa, akasoma namba kwa sauti, akachoma polepole kwa dakika 5. Akasuuza tena. Ringa ikafunguliwa. Bomba la tui tuliliwekea lebo na kulihifadhi mpaka asubuhi ili wengine walione, maana ni somo ambalo hutolipata kwenye ubao.

Kijana hakupata tatizo la kifua. Kreatinini, kipimo cha figo, ya siku ya tatu ilikuwa imeshuka. Siku ya kumi na mbili aliondoka akitembea.

Yangekuwa mengine kama kitanda kile kingekuwa cha mtoto wa siku 5. Mwili mdogo, damu kidogo, mishipa myembamba, na dripu za watoto wachanga mara nyingi huongezewa kalsiamu makusudi. Juu ya hapo seftriaksoni huing'oa bilirubini, ile rangi inayoleta manjano, kwenye albumini, protini ya damu inayoibeba, kwa hiyo mtoto mwenye manjano anaongezewa hatari ya ubongo. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani inaiwekea seftriaksoni masharti: isitolewe pamoja na kalsiamu, iepukwe kwa mwenye manjano, na itumike kwa aliyevuka wiki 41 zikihesabiwa pamoja na za mimba. Kwa kichanga nisingebishana na daktari yule hata dakika moja.

Kwa nini ringa ina kalsiamu, hilo nalo lina hadithi yake. Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa anaufanya moyo wa chura upige nje ya mwili kwa kuupitishia maji ya chumvi. Mwaka 1882 alitangaza kwamba umepiga vizuri. Mwaka uliofuata akajirekebisha: maji yale hayakuwa yametoneshwa (yamesafishwa kwa mvuke) kama alivyodhani, yalikuwa ya bomba la mjini, ya kampuni ya New River, na yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji safi kweli kweli, moyo ulilegea na kuacha. Laktati iliongezwa baadaye na Mmarekani Alexis Hartmann, miaka ya 1930. Kwa hiyo kilichoharibu bomba la sista ni kile kile kilichomfundisha Ringer kazi yake, na mara zote mbili kiliingia kwa sababu mtu alichota maji yaliyokuwa karibu.

Nisimseme sana sista kwa kuchota yaliyokuwa karibu. Alianza kazi zama za eksipeni (penisilini ya sindano), kloramfenikoli na jentamisini, dawa ambazo uliweza kuziyeyusha au kuzizimua kwa maji yoyote yanayoning'inia na zisilalamike. Mkono wake ulijifunza kwa dawa zinazosamehe. Seftriaksoni ilipokuja ikawa dawa ya kila kitanda, na hakuna aliyemwambia kwamba hii haisamehe. Kwenye karatasi ndogo ndani ya boksi imeandikwa wazi: isiyeyushiwe Ringer wala Hartmann. Karatasi hiyo imekunjwa mara nane, herufi zake ni za kusomwa na sisimizi, na wodi ilikuwa na wagonjwa 34 kwa muuguzi mmoja na mwanafunzi.

Nilidhani yameisha. Siku mbili baadaye nikapita wodini nikakuta karatasi imebandikwa juu ya sinki kwa kalamu nyekundu: ANTIBIOTIKI ZOTE ZICHANGANYWE NA DEKSTROZI 5%. MARUFUKU RINGA. Mkuu wa wodi alikuwa amechukua hatua.

Chini ya tangazo lile, kwenye kitanda cha pembeni, palikuwa na mfuko wa dekstrozi wenye ampisilini, umetundikwa tangu asubuhi, unadondosha polepole kwa sababu mgonjwa alikuwa amekunja kiwiko. Maji yake yalikuwa angavu kama ya mvua. Namba za upande wa pili zingesomeka kutoka mlangoni.

Ampisilini haitoi mashapo ndani ya dekstrozi. Inakufa kimya. Ikishayeyushwa, pete yake ya beta-laktamu, ile inayofanya kazi ya kuua bakteria, huanza kupasuka, na sukari huharakisha kupasuka huko. Kwenye saline, kwa nguvu isiyozidi miligramu 30 kwa mililita, ampisilini hupewa muda wa saa 8. Kwenye dekstrozi, kwa nguvu za kawaida, muda unashuka hadi saa 1 au 2. Mfuko ule ulikuwa na saa 4 na ushee. Mgonjwa alikuwa anapokea maji ya sukari yenye ampisilini iliyopungua, na kwenye chati kulikuwa na tiki safi kwamba dozi imetolewa.

Bomba la tui lilimletea mgonjwa chembe, dawa ikabaki karibu yote. Mfuko wa ampisilini haukumletea chembe hata moja, ila ulimnyima dawa. La kwanza lilimfanya sista apige simu usiku. La pili hakuna ambaye angelipigia simu. Homa ingeendelea, siku ya tatu tungesema bakteria ni sugu, tungepanda ngazi kwenye dawa ya bei kubwa. Nikiulizwa lipi linawaumiza wagonjwa wengi zaidi kwenye wodi zetu, nitalitaja la pili, ingawa sina bomba la kuonyesha.

Na tangazo lile lilikuwa na mtego mwingine: lilitamka "zote". Hakuna maji ya dripu yanayofaa dawa zote. Amfoterisini B ya kawaida, tunayoitumia kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, haitaki saline hata tone, hutoa mashapo; ni dekstrozi 5% pekee. Erithromaisini ya mshipa haiyeyushwi kwa saline moja kwa moja. Inaanza kuyeyushwa kwa maji ya sindano, ndipo inazimuliwa kwa saline. Meropenemu inavumilia saline kuliko dekstrozi. Jentamisini inakubali saline na inakubali dekstrozi, lakini usiikutanishe na penisilini ndani ya bomba moja, maana penisilini inaishika na kuifanya butu. Metronidazo huja kwenye chupa yake ya mililita 100 ikiwa tayari, na chupa hiyo si chungu cha kutumbukizia dawa nyingine.

Tangazo tukalibandua, mkuu wa wodi akiwa amenuna kidogo. Badala yake tuliandika kadi ndogo za dawa 9 zinazotumika wodini pale, si zaidi, kila moja ikisema mambo matatu tu: yeyushia nini, zimulia nini, ikae muda gani. Zinaning'inia kwenye trei kwa uzi. Kadi ya seftriaksoni ina mstari wa nne: suuza kabla, suuza baada.

Huo mstari wa kusuuza ndio uliotutesa kuliko yote, kwa sababu saline ya kusuuzia nayo lazima itoke mahali. Mazoea ni kutoboa mfuko wa mililita 500 na kuuchota wodi nzima, kutwa. Hapo unamwepusha mgonjwa na chembe na kumpa bakteria wa jirani yake. Tulikubaliana ampuli ndogo za saline ziende kwa wenye seftriaksoni kwanza, na zikiisha, mfuko wa mgonjwa mmoja, wenye jina na saa, utupwe zamu ikibadilika. Ni upotevu, najua. Bado nasumbuka nao kila nikifunga hesabu ya mwezi.

Kuhusu maji ya sindano yaliyoisha: hayakuwa yameisha. Asubuhi iliyofuata usiku ule wa tui nilihesabu maboksi manne kwenye kabati la wodi, hatua kama 20 kutoka kitanda cha yule kijana. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa mkuu wa wodi, nyumbani kwake. Mwaka mmoja nyuma glavu ziliibiwa, ndipo ufunguo ukaanza kulala nje. Siku hizi unakabidhiwa zamu kwa zamu, kwa sahihi, pamoja na kitabu cha dawa kali.

Mwezi uliopita sista alinipigia tena, usiku vile vile. "Mwanangu, hii nayo inachemka."

"Ipi, mama?"

"Seftazidimu. Povu tupu."

Nikamwambia hiyo ndiyo tabia yake: unga wake una kaboneti, ukipata maji unatoa hewa. Asubiri dakika 2, halafu aliinue bomba kwenye taa.

Kimya. Nikasikia mtu anakohoa mbali, na gurudumu la trei.

"Namba naziona," akasema. "Na usiniulize nimeyeyushia nini, ufunguo ninao mimi."